Bima ya gari ikikaribia kuisha: jinsi ya kupunguza bei bila kujiponza

"Bosi, bima yako yaisha tarehe 14. Mwaka huu ni 63,324. Nikutumie namba ya kulipia?"

Ujumbe kama huo ajenti wangu, mama mmoja mwenye ofisi ndogo Ngara, Nairobi, alinitumia mwaka jana saa mbili usiku. Kwa miaka mitatu nilikuwa namjibu "sawa mama", nalipa, stika inakuja, yanaisha. Safari hii nilisita. Gari ni lile lile, Toyota Fielder, limezeeka mwaka mzima, bampa la nyuma limechubuliwa na bodaboda pale Pangani, na kama ningelipeleka sokoni mnunuzi angenicheka kwa bei niliyolinunulia. Lakini bei ya kulilinda haijateremka hata shilingi. Nikamwomba anitumie hesabu yote, mstari kwa mstari. Siku kumi na mbili baadaye nililipa 45,243, kwa kampuni ile ile na kupitia mama yule yule.

Hapa chini ni njia niliyopita, pamoja na mambo mawili matatu niliyojifunza kwa kuumia.

Hatua ya 1: Anza wiki nne kabla

Anayepiga simu siku ya mwisho hana la kujadili, na ajenti anajua hilo. Kesho yake kuna askari Thika Road wanaotazama stika kwenye kioo, na wewe una kikao Westlands saa mbili asubuhi. Utalipa chochote utakachoambiwa.

Wala usitegemee kupewa stika kwa ahadi. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinakataza kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa. Zamani ajenti angekuandikia stika ukamlipa mwisho wa mwezi. Siku hizi pesa kwanza, bima baadaye.

Wiki nne zinakupa nafasi ya kupima thamani ya gari, kuomba bei kwingine na kuvutana kidogo. Wiki mbili zinatosha kwa kubanana. Chini ya hapo unakimbizana tu.

Hatua ya 2: Amua kwanza kama unahitaji bima kubwa

Thadi pati ndiyo ya lazima kisheria, chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Hiyo humlinda uliyemgonga, si gari lako. Kwa majeraha au kifo, sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu, na kampuni huongeza kiwango chake kwa mali ya watu uliyoharibu. Kwa gari la kibinafsi, thadi pati ya mwaka mara nyingi haifiki elfu kumi. Bima kubwa, ile watu huita komprehensivu, huongeza gari lako mwenyewe: ajali, moto, wizi. Katikati ipo thadi pati yenye moto na wizi, ambayo maajenti hawaitaji mpaka uulize.

Hesabu ya kuamua si ngumu. Gari la shilingi 350,000 likitozwa kima cha chini cha ada, 30,000 au zaidi, kwa bima kubwa, na eksesi juu yake (sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe), unalipa karibu sehemu ya kumi ya gari kila mwaka. Kama unaweza kujinunulia lingine bila kukopa, thadi pati inatosha. Kama gari ndilo linalokupeleka kazini na akiba yako ni ya shule ya watoto, usithubutu. Na kama gari lina mkopo, huna uhuru wa kuchagua: benki au sacco iliyoshika logibuku itadai bima kubwa yenye jina lake ndani.

Kuna jambo moja kuhusu umri. Kampuni nyingi hukataa bima kubwa kwa gari lililopita miaka kumi na mbili au kumi na tano, na kila moja ina mpaka wake. Kwa kuwa Kenya huruhusu kuingiza magari ya hadi miaka minane, gari ulilolipokea Mombasa ukiliona jipya huenda likafika mpaka huo upesi kuliko ulivyodhani. Uliza mapema, hasa ukitaka kuhama. Kampuni yako ya zamani inaweza kuendelea kukubeba ilhali mpya haikutaki.

Hatua ya 3: Ivunje ile jumla vipande vipande

Hii ndiyo kazi yenyewe. Watu hupigana na jumla. "Mama, 63,000 ni nyingi, fanya 55." Ajenti anasema ataongea na ofisi, anarudi na elfu mbili pungufu, nyote mnafurahi. Lakini jumla haina mlango wa kuingilia. Milango iko kwenye mistari.

Hii ndiyo hesabu niliyotumiwa:

Thamani ya gari 1,200,000 kwa asilimia 4.5: 54,000
Kinga ya vurugu za kisiasa na ugaidi, asilimia 0.25: 3,000
Kinga ya eksesi, asilimia 0.25: 3,000
Gari la kuazima likiwa gereji: 3,000
Jumla ndogo: 63,000
Tozo ya mafunzo ya bima, asilimia 0.2: 126
Hazina ya kufidia wenye bima, asilimia 0.25: 157.50
Stempu: 40
Jumla: 63,323.50

Mistari mitatu ya mwisho kabla ya jumla ni ya serikali na taasisi zake. Hiyo usiiguse, ni senti na haipunguzwi. Ila itazame, maana nimewahi kuona "ada ya ofisi" ya 1,500 imejificha hapo chini kana kwamba nayo ni ya sheria. Haikuwa.

Vinavyobaki ni thamani, asilimia na nyongeza, na kila kimoja kina njia yake ya kushushwa. Asilimia ndiyo kila mtu hukimbilia, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Thamani ndiyo inayowala watu kimya kimya.

Hatua ya 4: Pima thamani upya

Ile 1,200,000 ilitoka wapi? Ilitoka mwaka wa juzi. Ajenti alinakili. Hakuna aliyefanya ubaya hapo, ni mazoea tu: mteja hakusema kitu, basi takwimu ya zamani inaingia.

Shida ni kwamba gari likiibwa au likigongwa hadi likahesabiwa limekwisha, kampuni hailipi namba uliyoandika. Inalipa bei ya soko ya siku ile. Ukiwa umelipia milioni moja na laki mbili na soko linasema laki tisa na themanini, utapewa laki tisa na themanini, ukatwe na eksesi. Zile laki mbili na ushei ulizilipia bure mwaka mzima.

Sasa usiruke upande wa pili. Wapo wanaoandika thamani ndogo kwa makusudi ili walipe kidogo. Kampuni ikigundua gari la milioni moja limeandikwa laki tano, itasema uliweka nusu ya hatari kwake na nusu ukajibebea mwenyewe. Kwa hiyo hata ukarabati wa laki mbili watakulipa laki moja. Jirani yangu wa South B alilijua hilo baada ya mafuriko ya 2024, gari limejaa maji hadi kwenye viti.

Omba barua ya kwenda kwa mthamini. Kwa bima kubwa, kampuni nyingi hulipia ukaguzi huo wenyewe, na Nairobi wathamini wapo kila upande wa mji, kuanzia Industrial Area hadi Westlands. Ukifika beba logibuku na kitambulisho. Osha gari kabla, ndiyo, lakini usifiche kasoro. Kwa mara ya kwanza maishani unataka mtu aone lile bampa lililochubuka.

Mimi nilikaa nje ya kibanda cha mthamini kama dakika ishirini. Kijana mmoja mwenye ovaroli ya bluu alifungua boneti, akasoma namba ya chasisi kwa tochi ya simu, akazunguka gari akipiga picha, akaketi kwenye kiti cha dereva akaandika kilomita. Akaniuliza redio ni ya kampuni au nimebadilisha. Kisha akaniuliza kama kuna traka, kile kifaa cha kufuatilia gari likiibwa, nikamwonyesha cheti. Ripoti ilifika kwa barua pepe kesho yake: 980,000.

Nikafurahi. Nikamtumia mama wa Ngara. Akanijibu kwa sauti, na nyuma yake nasikia mashine ya kuchapisha stika: "Mwanangu, ukishuka chini ya milioni, asilimia yako inapanda. Inakuwa tano."

Hapo nikajifunza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote hiyo. Kampuni hugawa magari kwa madaraja ya thamani, na daraja la chini hutozwa asilimia kubwa zaidi, kwa kuwa bampa la gari la bei ndogo halitengenezwi kwa bei ndogo. Piga hesabu: 980,000 kwa asilimia 5 ni 49,000. Milioni moja kamili kwa asilimia 4.5 ni 45,000. Gari la thamani kubwa zaidi linalipiwa 4,000 pungufu! Nikamwomba aulize ofisini kama wangekubali milioni moja, maana tofauti na ripoti ni elfu ishirini tu. Wakakubali siku hiyo hiyo. Kama wangekataa, ningetafuta kampuni ambayo mpaka wake hauko kwenye milioni.

Kwa hiyo kila unapoulizia bei, uliza pia: daraja langu linaanzia wapi na kuishia wapi, na kima cha chini cha ada ni shilingi ngapi? Magari madogo ya laki nne au tano mara nyingi hata hayafiki kwenye asilimia. Yanagonga kima cha chini, na hapo kushusha thamani zaidi hakukusaidii chochote.

Hatua ya 5: Kata nyongeza usizozihitaji, na ushike zile za maana

Gari la kuazima nililikata mara moja. Nakaa karibu na barabara ya matatu, na mke wangu ana gari lake. Likikaa gereji wiki mbili, nitapanda. Ukiwa fundi wa kuzunguka na vifaa au una mgonjwa wa kupeleka kliniki kila wiki, wewe libakishe.

Kinga ya eksesi inahitaji maelezo. Eksesi ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Kwa ajali ya kawaida utakuta asilimia 2.5 ya thamani, isipungue kama 15,000. Kwa wizi ni asilimia 10 ikiwa gari lina traka, 20 ikiwa halina. Kwa gari langu la milioni moja, ajali ingenigharimu 25,000 mfukoni. Ile kinga ya 2,500 inaifuta. Nikaibakisha. Lakini uliza kama inagusa eksesi ya wizi, kwa sababu nyingi haziigusi, na watu hudhani inafuta zote.

Ziko kampuni zitakazokupunguzia ada ukikubali eksesi kubwa zaidi. Ni biashara nzuri kwa mtu mwenye elfu hamsini zilizolala, asiyekwenda kudai fidia kwa kila mkwaruzo. Kwa mtu anayesubiri mshahara, ni mtego.

Kinga ya vurugu za kisiasa nilitaka kuikata mwaka 2023. Sikuikata kwa uvivu tu. Juni 2024 ikaja, na wenye magari katikati ya jiji wakajua thamani ya ule mstari mdogo. Bima kubwa ya kawaida huwa haibebi hasara ya siasa. Kwa 2,500, iache pale.

Kioo cha mbele na redio mara nyingi hulipiwa hadi 30,000 au 50,000 bila nyongeza. Hakikisha tu kiasi hicho kinatosha kioo cha gari lako. Halafu kuna vioo vya pembeni. Kila dereva wa Nairobi anajua kadhia ya kuegesha gari mjini, kurudi na kukuta side mirror zimekwenda, kisha kuambiwa ukazitafute Grogan, kwenye soko la vipuri, zikiwa zimeshapata bei. Soma bima yako inasema nini kuhusu wizi wa sehemu za gari. Nyingine hulipa mara moja kwa mwaka, nyingine zina kikomo kidogo sana. Kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa kunagharimu pesa kidogo, na vilivyochorwa wezi hawavipendi.

Na traka? Kuifunga ni gharama ya kweli, kisha kuna ada ya kila mwaka. Lakini kwa Probox, Fielder na magari mengine yanayopendwa na wezi, kampuni kadhaa hazikukubali bila hiyo. Angalia pia tofauti ya eksesi ya wizi: kwa gari la milioni moja ni laki moja dhidi ya laki mbili.

Hatua ya 6: Omba bei tatu, kwa maneno yale yale

Bei tatu zisizofanana masharti hazikufundishi kitu. Andika ujumbe mmoja, utume kwa wote:

"Habari. Naomba bei ya bima kubwa, matumizi ya kibinafsi. Toyota Fielder, thamani milioni moja, ripoti ya mthamini ipo, lina traka, sijadai fidia miaka mitatu. Niwekee kinga ya eksesi na ya vurugu za kisiasa. Tafadhali nitajie asilimia, kima cha chini, eksesi ya ajali, eksesi ya wizi, eksesi ya dereva mchanga, kikomo cha kioo, na gari likikwama mnalipia kuvutwa hadi shilingi ngapi."

Mtume nani? Ajenti hufanya kazi kwa niaba ya kampuni. Broka, kisheria, anapaswa kusimama upande wako na ana kampuni nyingi mkononi. Ulizia pia benki yako, maana siku hizi nyingi zina dawati la bima. Usisahau sacco, kazini, hata chama cha wenye nyumba mtaani: magari ishirini yakiingia pamoja, kampuni huyapa asilimia ambayo mtu mmoja hawezi kuipata hata akilia. Rafiki yangu mwalimu analipa chini yangu kwa gari la thamani zaidi, kwa sababu tu anapitia sacco.

Kuwa mkweli kuhusu historia yako. Ulidai fidia mwaka juzi, sema. Uongo kwenye fomu ndio kisingizio cha kwanza ambacho kampuni hutafuta siku ya malipo.

Uongo wa hatari zaidi Nairobi ni wa matumizi. Gari limeandikwa la kibinafsi, jioni linabeba abiria wa programu za teksi. Bei ya kibinafsi ni ya chini, ndiyo. Lakini abiria akiwa ndani na ajali ikatokea Waiyaki Way, kampuni itakuuliza alikuwa nani na alilipa nini. Hapo utakuwa umelipa ada mwaka mzima bila bima.

Hatua ya 7: Sasa ongea bei

Nilipata bei mbili za nje: moja asilimia 4, nyingine 3.75 lakini eksesi ya ajali ilikuwa mara mbili. Hii ya pili niliiweka kando. Ya kwanza nikaipiga picha, nikaenda Ngara mwenyewe. Kwenda mwenyewe kuna maana. Kwa WhatsApp ajenti anakupa jibu la ofisi; mkiwa mmekaa anakupigia ofisi ukisikia.

"Mama, mimi sitaki kuondoka," nikamwambia. "Lakini tazama hii."

Akavaa miwani, akasoma. "Hawa wana gereji ngapi?"

"Sijui."

"Ndiyo maana ni rahisi." Akacheka. Kisha akauliza, "Umedai kitu tangu uje kwangu?"

"Hata kioo."

Akapiga simu. Nilisikia akisema "ni mteja wangu wa siku nyingi, hana klemu, ana traka, ripoti mpya ipo". Akanyamaza, akaandika namba kwenye bahasha. 4.25. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia ya mke wangu inaisha Agosti na iko kwa mtu mwingine. Akapiga tena.

Tulimalizia kwenye 4. Ada ikawa 40,000, kinga mbili 5,000, tozo 202.50, stempu 40.

Tazama kilichomsaidia kupata punguzo. Hakulia kwamba uchumi ni mbaya. Ofisini alipeleka vitu vinne: hakuna klemu, kuna traka, ripoti ya thamani ni mpya, na kuna gari la pili linakuja. Mpe ajenti wako silaha hizo. Yeye hana mamlaka ya kushusha bei. Kazi yake ni kumshawishi mtu mwingine aliyeko ofisini. Na usimkamue kwenye kamisheni yake, ambayo kwa gari haizidi kama sehemu ya kumi ya ada. Siku umegongwa Mombasa Road saa tano usiku, huyo ndiye utakayempigia.

Kampuni zingine bado hutoa punguzo la mtu asiyedai fidia, linaloongezeka kila mwaka. Zingine zimeshaliweka ndani ya asilimia na hazilitaji tena. Ukihama, omba barua ya kampuni ya zamani inayosema hukudai chochote. Waiandike kabla hujasema unahama.

Hatua ya 8: Pima kampuni yenyewe

Bei ya chini kuliko zote inaweza kuwa ghali kuliko zote. Wenye matatu wa United Insurance mwaka 2005, wateja wa Blue Shield mwaka 2011 na wa Concord mwaka 2013 walikuwa na stika halali kabisa kwenye vioo. Kampuni ziliwekwa chini ya usimamizi, na watu wakaanza kufukuzwa na madai ambayo walidhani yamebebwa.

Anza na orodha ya kampuni zenye leseni ya mwaka huu, inayotolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Halafu nenda kwa mtu asiyeuza bima: fundi wa bodi. Gereji yoyote kubwa Industrial Area inajua kampuni gani inalipa kwa mwezi na ipi inazungusha miezi minane. Mwulize swali moja, "gari langu likiwa la kampuni fulani utalipokea?" Akikunja uso, umejibiwa.

Hatua ya 9: Lipa vizuri

Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni yenyewe, na nambari ya gari uiandike kama akaunti. Usitume kwa simu ya ajenti, hata kama ni shemeji yako. Huyu mama wangu hajawahi kunidhulumu, na bado silipi kwake. Wapo walioliwa pesa na kupewa stika bandia iliyochapishwa River Road.

Stika halisi siku hizi hutoka kwenye mfumo wa kidijitali wa chama cha kampuni za bima, na unaweza kuithibitisha kwa namba yake. Ithibitishe kabla hujaibandika. Ukiwa umehama kampuni, bima mpya ianze siku baada ya ile ya zamani kwisha, kwa sababu mfumo ukikuta gari tayari lina stika hai, ombi la pili litakwama.

Huna pesa zote kwa mkupuo? Kampuni nyingi hukubali mafungu mawili au matatu, na unapewa stika ya muda uliolipia tu. Hakuna riba hapo, ila tarehe ya fungu la pili iandike ukutani, maana ukichelewa siku moja huna bima siku hiyo. Mkopo wa bima kutoka benki una riba. Jumlisha kabla hujaufurahia.

Ukienda Uganda au Tanzania kwa gari, omba kadi ya njano ya COMESA mapema badala ya kuitafuta mpakani.

Kisha dai hati kamili ya bima, si stika peke yake. Soma kurasa za mambo yasiyolipwa ukiwa na chai. Hakikisha jina, chasisi, matumizi na thamani viko sawa. Siku stika mpya inapoanza, zunguka gari ukipiga picha pande zote nne, na kilomita. Mimi nilizituma kwa mama wa Ngara saa kumi na mbili asubuhi, gari likiwa bado limeloa umande. Akanijibu saa nne: "Nimeona. Na hilo bampa ulirekebishe."